Sifuri Nayo Husema Uongo

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tumeisikia tangu shule ya msingi, na wengi wetu tuliielewa hivi: fungua daftari, andika, mambo yatakaa sawa. Swali ninalotaka tulifikirie leo linaanzia pale methali inapoishia. Daftari lipo. Limepigwa mistari vizuri. Kwenye safu ya "vilivyopotea" pameandikwa sifuri. Ila hakuna mtu aliyehesabu. Je, daftari hilo limesema uongo? Na kama ni uongo, mwongo ni nani?

Ukilisikia hivihivi unaweza kudhani ni swali la kupitishia muda kijiweni. Mimi nililikuta Korogwe, kwenye kompyuta ya ofisi ya mnunuzi mmoja wa mahindi, na wiki hiyo lilikuwa linaelekea kumfukuzisha mtu kazi.

Mnunuzi huyo alikuwa na kituo Handeni. Kati ya Handeni na Korogwe ni kama kilomita 65 za lami, na kwa miaka mingi hesabu za kituo zilikuja kwa njia ambayo kila mtu wa huku anaijua: karani anaandika, anatia kwenye bahasha, anampa konda wa basi. Baadaye wakaweka mizani iliyounganishwa na mtandao. Gunia likipimwa Handeni, ujumbe mfupi unaondoka wenyewe: namba, uzito, bei, saa. Kompyuta ya Korogwe inaupokea na kuuingiza kwenye orodha. Karani anawalipa wakulima taslimu, na mwisho wa wiki bosi analinganisha fedha iliyotoka na orodha.

Wiki hiyo hesabu zikagoma. Karani alikuwa amelipia magunia 212. Orodha ya Korogwe ilikuwa na 198. Kumi na manne hayaonekani. Ghala nalo halikuweza kuamua, kwa sababu mahindi ya vituo vitatu yanamwagwa pamoja, na yale ambayo hayajakauka vizuri yanaendelea kupungua uzito. Hakuna anayeweza kuyatazama akasema haya ni ya Handeni na haya siyo. Karani alikuwa na daftari lake la mkono lenye magunia yote 212, na saa ya kila moja. Bosi akalisukuma pembeni. "Mwanangu, daftari mtu anaweza akalijaza usiku. Kompyuta haina ugomvi na wewe." Kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta amsomee mwenyewe: pakiti zilizopokelewa, idadi kadhaa, pakiti zilizoangushwa, 0.

Sasa, pakiti ni nini? Mtandao hausafirishi habari kama mzigo mmoja mzima. Huikata vipande, kila kipande kikiwa na anwani ya kinakotoka na kinakokwenda. Kipande hicho ndicho pakiti. Habari ya gunia moja ilikuwa fupi kiasi cha kuenea kwenye pakiti moja, kwa hiyo pakiti ikipotea, gunia zima limepotea. Pakiti ikifika kwenye kompyuta hupokelewa na kadi ya mtandao, na kati ya kadi na mfumo wenyewe kuna programu ndogo inayoitwa draiva. Mafundi wetu husema draiva, si dereva, wasije wakachanganya na yule wa basi. Lakini ukiangalia, kazi ni moja: umekabidhiwa kifurushi stendi hii, kikabidhi stendi ile.

Fundi aliyeitwa alikuwa kijana mpole, asiyependa kubishana. Alichofanya kwanza ni kuomba lile daftari la mkono. Akalikalia karibu saa nzima, akiweka alama kwenye magunia 14 yasiyoonekana Korogwe. Yalikuwa yamejikusanya. Matatu ya Jumatatu yamefuatana ndani ya dakika chache, manne ya Jumatano vivyo hivyo, na karibu yote yalikuwa ya saa nne na kitu asubuhi. "Mzee," akamwambia bosi, "mwizi gani huyu anaiba saa nne tu?"

Kutafuta pakiti iliyopotea hakuna uchawi. Watu wa Handeni wanaielewa kanuni yake kuliko wanavyojua wenyewe, kwa sababu wameishi na bomba. Mradi wa HTM, uliojengwa miaka ya 1970, unachota maji Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma mpaka Handeni. Maji yakitoka kwenye chanzo si lazima yafike kwenye ndoo yako, na ukitaka kujua yamepotelea wapi hukimbilii kumshika mtu. Unasoma mita ya chanzo, unasoma mita ya katikati, unasoma mita ya mwisho. Pale mita mbili zinapotofautiana, tatizo liko kati yake. Mtandao ni hivyohivyo, isipokuwa "mita" zake ni hesabu ambazo kila kifaa kinajiwekea: nimepokea ngapi, nimepitisha ngapi, nimeangusha ngapi.

Akatuma kutoka Handeni pakiti 1000 za majaribio, kila moja na namba yake. Zote zikafika. Bosi akataka kufunga kesi. Fundi akaomba warudie kesho yake saa nne, wakati mhasibu anafungua ile ripoti yake kubwa inayoifanya kompyuta nzima iwe nzito. Ruta ya Korogwe ikaonyesha zimepita 1000. Kadi ya mtandao, kwa hesabu yake yenyewe, imepokea 1000. Mfumo wa kompyuta umepata 988. Zilizoangushwa: 0.

Mia tisa themanini na nane kujumlisha sifuri si elfu moja. Hata mtoto wa darasa la pili angeuliza.

Kompyuta ile ilikuwa inatumia Linux, mfumo ambao msimbo wake yeyote anaruhusiwa kuusoma, tangu siku za mwanzo alipouanzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Fundi akausoma msimbo wa draiva. Nitaeleza alichokikuta kwa mfano wa foleni ya maji. Chukulia kuna sheria bombani: ukichukua ndoo iliyojaa, lazima uache ndoo tupu mahali pake, ili maji yasimwagike ovyo. Draiva inafanya hivyo na nafasi za kumbukumbu. Inachukua nafasi yenye pakiti, inaomba nafasi tupu, inaiweka pale. Sasa kompyuta ikiwa imeelemewa, kama ilivyokuwa kila mhasibu alipofungua ripoti, nafasi tupu haipatikani. Draiva inafanya nini? Inamwaga ile ndoo iliyojaa na kuirudisha bombani ikiwa tupu. Pakiti imekufa. Kwa hali ilivyokuwa, huo si uamuzi mbaya. Ukigoma, foleni yote inasimama. Lakini baada ya kumwaga, ilipaswa kuongeza moja kwenye safu ya zilizoangushwa. Mstari huo haukuwepo. Palikuwa na amri moja tu, yenye maana ya "endelea".

Fundi akaongeza mstari mmoja. Wakarudia jaribio. Zikafika 989, na safu ya zilizoangushwa ikasoma 11.

Hapa ndipo nilipokwama mimi, na ndicho kilichonifanya niandike. Mstari ule mmoja haukuokoa hata pakiti moja. Pakiti ziliendelea kufa vilevile mpaka kompyuta ilipoongezewa kumbukumbu. Kwa mtu wa mitambo, basi, mstari ule haukutengeneza kitu. Lakini kwa karani ulibadilisha kila kitu. Alipokuwa anasimama mbele ya sifuri, alikuwa mwizi. Aliposimama mbele ya kumi na moja, akawa shahidi.

Ndiyo maana nasema kosa la draiva ile halikuwa kupoteza. Kupoteza kunaruhusiwa, tena kwa mpango. Vinton Cerf na Robert Kahn walipochapisha mwaka 1974 wazo la kuunganisha mitandao, walikubali kwamba katikati ya njia vitu vitapotea, na kazi ya kugundua na kutuma upya wakaikabidhi kwa walioko mwisho wa njia, yaani mtumaji na mpokeaji. Mwaka 1984 Jerome Saltzer, David Reed na David Clark wakaitetea hoja ya aina hiyo kwa undani: wa katikati hata ajitahidi vipi, hawezi kuapa kwa niaba ya walioko mwisho. Ruta iliyozidiwa inaangusha pakiti na haimwambii mtu. Mtandao mzima unaoutumia kusoma makala hii umesimama juu ya unyamavu huo.

Sasa msomaji makini ataniuliza: kama ruta inaruhusiwa kunyamaza, draiva ina dhambi gani? Ni swali zuri, na jibu langu ni kwamba kuna kunyamaza kwa aina mbili. Ruta ilikwambia mapema kwamba haiahidi kitu. Ni kama mtu anayekwambia, "Nitaupeleka ujumbe wako, ila Mungu akipenda." Halafu ruta nzuri ina daftari lake, ukienda kuliuliza linakwambia limeangusha ngapi. Draiva ile nayo haikuahidi kufikisha kila kitu. Lakini ilikuwa na safu inayoitwa "zilizoangushwa", na safu yenye jina ni ahadi. Isingekuwepo kabisa, fundi angesema: hapa hatujui. Ilipokuwepo, ikasoma sifuri, bosi akasema: hapa tunajua. Kati ya "sijui" na "hakuna" ndipo karani alipotaka kuzamishwa.

Na ile sifuri haikuandikwa na mtu. Hilo ndilo linalotisha. Kompyuta ikiwashwa, hesabu zote huanza na sifuri. Hakuna aliyekaa akasema, "Ngoja nidanganye." Mwandishi wa msimbo, popote alipo duniani, alisahau. Kwa hiyo tuna uongo usio na mwongo. Mwanafalsafa anaweza kusema basi huo si uongo, kwa kuwa uongo unahitaji nia. Sawa, nakubaliana naye juu ya neno. Lakini mzigo hauondoki kwa kubadilisha jina. Anayefungua safu ya hesabu anawaomba watu wasiomjua wamwamini mahali asipokuwepo. Akishawaomba hivyo, anawajibika kwa sifuri yake kama anavyowajibika kwa namba nyingine yoyote. Naye anayeisoma sifuri, hasa akiwa na uwezo wa kumwachisha mtu kazi, anawajibika kuuliza: hii sifuri imehesabiwa, au imeachwa tu?

Uingereza walishindwa kuuliza swali hilo kwa zaidi ya miaka kumi. Shirika la posta la kule lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha kwenye vituo vidogo vya posta, na waendeshaji wa vituo hivyo wakasema hawajachukua kitu. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika, wapo waliojiua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu jijini London ilikubali kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu huo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo. Sheria ya kule ilikuwa inachukulia kwamba kompyuta imefanya kazi sawasawa mpaka pawepo sababu ya kuitilia shaka. Sasa mwenye kituo kidogo kijijini, asiyeweza hata kuingia ndani ya mfumo, atatoa wapi sababu hiyo? Kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka pawepo ushahidi kwamba mfumo ulikuwa unafanya kazi vizuri, ndipo rekodi yake idhaniwe kuwa ya kweli. Kwenye karatasi tuko pazuri. Lakini ofisi nyingi hazifiki mahakamani. Kesi inaisha mezani kwa bosi, kwa dakika tano.

Kuna pingamizi lingine, na hili nalipa uzito zaidi. Mtu anaweza kusema: hesabu nazo zinapotea. Ukidai kila kilichopotea kihesabiwe, utahitaji wa kumhesabu anayehesabu, na mwingine juu yake, bila mwisho. Kweli. Hata ule mstari wa fundi unaweza kuwa na kasoro. Lakini hatudai ukamilifu. Tunadai kitu kidogo zaidi: pawepo mahali pa kuandika "hiki sikukifuatilia". Na hilo linawezekana. Lilifanyika hapohapo Korogwe.

Kati ya mwaka 2009 na 2014 Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S. Kwa Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe, hiki cha Korogwe kikiwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Watoto 15,459 waliandikishwa. Kwa miaka ya ufuatiliaji namna hiyo lazima watu wapotee machoni: mama anahama, familia inaamua kuacha, mtoto anafariki kwa sababu nyingine. Matokeo ya mwisho yalipochapishwa mwaka 2015, watoto hao hawakufutwa kimyakimya ili hesabu ipendeze. Jaribio la namna hiyo linatakiwa kuonyesha wangapi walianza, wangapi walibaki, na waliokosekana walikosekana kwa nini. Shirika la Afya Duniani lilipokuja kuipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, namba zilikuwa na uzito kwa sababu waliopotea nao walikuwa ndani ya namba.

Ukiitazama kwa makini, hiyo ni heshima. Kumhesabu aliyepotea ni kumwambia: tunajua ulikuwepo. Draiva ile ilikosa adabu hiyo ndogo. Ilimwaga, ikaendelea.

Wasomaji wa Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, Tanga, hawatashangaa nikisema kwamba hadithi hii walishaisoma. Katika *Kusadikika*, iliyochapishwa 1951, nchi ile ya kufikirika inatuma wajumbe sita pande zote: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Wanasafiri kwa taabu, wanarudi na habari za manufaa, na malipo yao ni kifungo. Mara nyingi tunaisoma kama kisa cha dhuluma ya watawala, na ni kweli. Lakini itazame kwa jicho la fundi wetu. Habari hazikupotea njiani. Jangwa halikuzimeza, bahari haikuzizamisha. Zimefika hadi mlangoni, zikafia hatua ya mwisho, kati ya mlango na kiti. Na nchi ikaendelea na maisha, kana kwamba hakuna kilichowahi kuletwa. Anachofanya Karama akiwa kizimbani ni kuwataja, mmoja baada ya mwingine, kila mjumbe na safari yake. Anairudishia Kusadikika hesabu yake. Na kwa kuwa wamehesabiwa, wanaweza kufunguliwa.

Kwa hiyo nikiulizwa kama sifuri inaweza kusema uongo, jibu langu ni ndiyo, tena kirahisi kuliko namba nyingine zote, kwa sababu ndiyo namba pekee inayojiandika yenyewe. Ukiona kumi na nne, ujue kuna mtu au kitu kimefanya kazi ya kuhesabu. Ukiona sifuri, bado hujui. Ripoti ya shule inayosema watoro sifuri, ya kijiji inayosema wasio na chakula sifuri, ya ofisi inayosema malalamiko sifuri, zote zinaweza kuwa kweli. Zinaweza pia kuwa safu ambayo hakuna aliyeigusa tangu ilipochorwa.

Kile kituo cha Handeni siku hizi kinatumia utaratibu mwingine. Mizani ikishatuma inasubiri jibu kutoka Korogwe, na jibu lisipokuja inatuma tena, kama mgeni wa Kiswahili anayepiga hodi na haingii mpaka asikie karibu. Karani yupo kazini. Daftari la mkono hajaliacha, na bosi hajamwambia aliache.